Kadi ya mchango iandikwe tarehe mbili

Nakaa kaunta ya wakala wa pesa Mtwara mjini, jioni nipo darasani, na harusi yangu ni Januari. Kabla hujachapa kadi za mchango, gawa majina mafungu mawili: wa mshahara, na wa korosho, yaani wanaotegemea hela ya mauzo ya korosho. Wa mshahara waandikie mwisho wa ahadi tarehe 28 au 30 ya mwezi. Wa korosho usiwaandikie Agosti hata wakikuahidi kwa kiapo. Andika "baada ya malipo ya mnada". Minada ya korosho huanza kama Oktoba, na hela huingia kwenye akaunti siku kadhaa baada ya mnada, si siku ileile. Mjomba wangu wa Newala aliahidi laki mbili, na kila nikimpigia mwezi wa nane jibu lilikuwa moja: "Mwanangu, mti ndiyo kwanza unachanua." Nikaacha kumsumbua. Novemba meseji ya muamala ikaingia yenyewe, laki na nusu, halafu iliyobaki.

Mbinu hii inagoma pale mvua ikipiga maua au bei ikianguka mnadani, kwa hiyo fungu la korosho lihesabu nusu tu kwenye bajeti. Pia haikusaidii kwa ukumbi: msimu huo kila mtu anaoa, na mwenye ukumbi anataka kianzio mapema. Hicho kilipe kwa mshahara wako. Ada ya chuo usiiguse. Mimi niliigusa, nikazuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani.