Gemu la Zamani Linaondolewa Dukani? Lihifadhi Hivi Kabla Siku Haijafika

Desemba 2024 simu yangu haikupumzika. Tarehe 6 kampuni ya Sega iliondoa kwenye maduka ya mtandaoni zaidi ya magemu 60 ya zamani, yakiwemo Streets of Rage, Golden Axe na Crazy Taxi. Wiki moja baadaye, tarehe 13, Warcraft ya kwanza na ya pili zikaondolewa kwenye GOG, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta. Wateja wangu hapa Makole, Dodoma, wengi wao watu wazima waliokua na magemu hayo, walikuwa na swali moja: "Fundi, na mimi niliyelinunua, limeshapotea?"

Mara nyingi halijapotea. Aliyenunua hubaki nalo kwenye akaunti yake na anaweza kulipakua tena. Lakini kuanzia siku hiyo unategemea hisani ya mtu mwingine, na hisani ina mwisho. Utaratibu ninaoufuata mezani kwangu ndio huu.

Hatua ya 1: Soma tangazo, ujue kinachofungwa ni nini

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kuna milango mitatu, na kila mmoja hufungwa kwa wakati wake: mlango wa kununua, mlango wa kupakua tena ulichokwisha kununua, na seva za kuchezea, yaani kompyuta za kampuni ambazo gemu huunganishwa nazo kwa intaneti.

Chukua duka la Nintendo 3DS na Wii U, mashine mbili za magemu. Kununua kulikoma tarehe 27 Machi 2023. Kuchezea mtandaoni kukakoma tarehe 8 Aprili 2024. Kupakua tena kukaachwa wazi. Mtu aliyesoma kichwa cha habari peke yake alidhani vyote vimekwenda siku moja.

Sasa tazama The Crew ya Ubisoft, gemu la magari la mwaka 2014. Seva zake zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na kwa kuwa gemu lilitaka seva hata ukicheza peke yako, walionunua walibaki na kitu kisichofunguka. Gemu la namna hiyo hakuna fundi atakayekuhifadhia kwa kunakili mafaili tu. Ukiona kwenye maelezo yake kwamba linahitaji intaneti muda wote, lijue mapema na upange pesa zako vizuri.

Soma pia sababu, maana inakupa fununu ya kama gemu litarudi. Leseni za muziki, magari na filamu zina muda wake, na zikiisha gemu hushushwa. Forza Horizon 4, yenye magari na nyimbo za watu wengine, iliondolewa Desemba 2024. Sababu nyingine ni toleo jipya: Mei 2022 Sega iliondoa Sonic kadhaa za zamani ili kupisha mkusanyiko mpya uliotoka Juni mwaka huo. Na Oktoba 2021 kampuni ya Rockstar iliondoa matoleo ya awali ya GTA III, Vice City na San Andreas kwa sababu hiyohiyo, halafu baada ya malalamiko ikayarudisha kwa wachezaji wa kompyuta.

Hatua ya 2: Kama hujanunua, nunua wiki moja kabla

Usisubiri siku ya mwisho. Kwanza, njia ya kulipia inaweza kufungwa kabla ya duka lenyewe. Kwenye 3DS na Wii U, kuongeza salio kwa kadi kulikoma Mei 2022, miezi kumi kabla ya kununua kukoma. Pili, kadi pepe za kwenye simu zetu wakati mwingine hukataliwa mara ya kwanza, na unahitaji siku moja au mbili za kuhangaika nazo. Tatu, saa. Tangazo likitaja saa za Pasifiki za Marekani, hizo ziko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kutegemea msimu.

Hatua ya 3: Pakua faili kamili la kusakinisha

Kwenye GOG ni rahisi kuliko kwingine, kwa kuwa magemu yao hayana kufuli la kidijitali, yaani kinga inayolazimisha gemu lithibitishwe kwanza ndipo lifunguke. Ingia kwenye akaunti kwa kivinjari, fungua gemu lako, kisha chagua mafaili ya kusakinisha bila mtandao, siyo yale yanayopitia programu yao ya Galaxy. Gemu kubwa huja vipande: faili moja la exe na mengine ya bin. Vishushe vyote, uviweke kwenye folda moja. Kikikosekana kipande kimoja, usakinishaji hukwama katikati. Chukua na vitabu vya maelekezo na muziki, kama vimewekwa.

Kwenye Steam, duka jingine la magemu ya kompyuta, bonyeza gemu kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia kwenye sehemu ya mafaili yaliyosakinishwa, tengeneza nakala. Nakala hiyo itahitaji Steam siku ya kuirudisha. Hata hivyo baadhi ya magemu ya Steam hayana kufuli: fungua folda la gemu, bonyeza faili la exe huku Steam imezimwa. Likifunguka, nakili folda zima.

Kwa Xbox 360, ambayo duka lake lilifungwa tarehe 29 Julai 2024, na kwa PS3, shusha kila ulichonunua kwenye mashine yenyewe leo, wakati mlango wa kupakua uko wazi.

Bando lisikutishe. Sonic ya kwanza ya mwaka 1991 ilikuwa KB 512 tu. Picha moja ya simu yako huenda ni kubwa zaidi. Magemu makubwa yaachie bando la usiku.

Hatua ya 4: Toa alama ya faili

Hii hatua wengi huiruka, na mimi niliijua kwa uchungu. Mwaka fulani niliweka magemu yangu kwenye flashi moja, nikaifungia kabatini. Nilipoichomeka baada ya muda mrefu, majina ya mafaili yote yalikuwepo na ukubwa wake ulikuwa sahihi. Nikafurahi. Nilipoanza kusakinisha, faili la tatu likagoma. Kwa macho usingeona kosa lolote.

Tangu hapo, kwenye Windows, nafungua dirisha la amri ndani ya folda na kuandika:

certutil -hashfile setup_gemu.exe SHA256

Badala ya setup_gemu.exe weka jina la faili lako. Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64; hiyo ndiyo alama ya faili. Uandike kwenye faili la maandishi, uuweke humohumo kwenye folda. Ukishanakili kwenda diski nyingine, toa alama tena kule. Zikilingana mwanzo hadi mwisho, nakala ni safi. Biti moja tu, chembe ndogo kabisa ya data, ikibadilika ndani ya GB 4, mfuatano wote unabadilika, kwa hiyo huna haja ya kukodolea macho: kosa likiwepo utaliona papo hapo. Rudia kila mwaka.

Hatua ya 5: Nakala mbili, sehemu mbili

Tumia diski mbili za nje, siyo flashi. Flashi ikikaa miaka bila umeme inaweza kupoteza ilichobeba. Diski uipe mfumo wa mafaili wa exFAT, unaouchagua unapoifomati. Mfumo mwingine, FAT32, haupokei faili linalofikia GB 4.

Dodoma ina vumbi, na miezi ya Julai na Agosti upepo hauna huruma. Diski zangu hukaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Moja iko hapa, nyingine iko kwa mama Kondoa, kwenye sanduku lake la vitenge. Moto au mwizi hawezi kufika Makole na Kondoa usiku mmoja.

Hatua ya 6: Zima intaneti, ucheze

Bila hatua hii hujahifadhi kitu. Chukua kompyuta nyingine ambayo haijawahi kuwa na gemu hilo, zima wifi, sakinisha kutoka kwenye diski, anza kucheza, hifadhi ulipofika, funga, fungua tena.

Mzee mmoja mtumishi wa serikali, aliyehamia hapa kikazi, aliniletea laptopu yake wiki ile ya Warcraft. Alikuwa na Warcraft II, gemu la mwaka 1995. Nilimwamkia, nikamwomba azime wifi kwa mkono wake mwenyewe. Tukasakinisha. Ramani ilipofunguka na wale vibarua wakaanza kuitikia amri, alivua miwani akaifuta, akavuta kiti. Alicheza mpaka adhuhuri, nami sikumharakisha.

Hatua ya 7: Linda akaunti, na uzuie masasisho

Akaunti iliyofungwa kwa laini ya simu usiyoitumia ni hatari. Laini ikikaa bila matumizi hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Badilisha namba mapema, tunza risiti za barua pepe.

Kuhusu masasisho: Aprili 2018, leseni za miaka kumi za nyimbo kadhaa za GTA IV zilipoisha, sasisho liliziondoa hata kwa waliokwisha kununua, na Vladivostok FM, redio ya ndani ya gemu, ikawekewa nyimbo nyingine. Kwenye Steam weka gemu lisasishwe pale tu unapolifungua, kisha tumia hali ya nje ya mtandao.

Ukikuta umechelewa

Tafuta diski halisi kwa waliokuwa nazo. Kwa PS3 na Xbox 360 bado zinauzwa mkononi. Kwa gemu lililokuwa la dukani tu, liweke kwenye orodha ya unayoyasubiri. Scott Pilgrim vs. the World: The Game ilishushwa Desemba 2014 ikarudi Januari 2021. Watu huniomba niwanakilie ya wateja wengine. Sifanyi hivyo, kila diski mezani kwangu ina jina la mwenyewe, na inarudi kwake.