Kabla ya Kumpokea Mtarajali nchini Uganda: Mkataba, Malipo na Karatasi za Uhamiaji

Likizo ndefu ya vyuo vikuu inapokaribia, ofisi na karakana za Kampala, Jinja na Mbarara hupokea barua nyingi zinazowaombea wanafunzi nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Waajiri wengi huzijibu kwa mstari mmoja, wakamtafutia kijana meza na kiti, kisha wakadhani yamekwisha. Mmoja humwita mtarajali, mwingine mwanagenzi, na wengi wetu husema tu intani. Sheria haishughulishwi sana na jina hilo. Inatazama kijana anafanya kazi gani, anapokea nini, na kama ni mgeni, ameingia nchini kwa karatasi ipi.

Jambo la kwanza, basi, ni kuamua hadhi yake kabla hajaripoti. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inautambua mkataba wa kazi uwe wa maandishi au wa mdomo, na inaujumuisha humo mkataba wa uanagenzi. Kwa hiyo kijana anayejifunza ufundi kwa makubaliano ya uanagenzi ni mwajiriwa, hata kama bwana wake anamwona mwanafunzi tu. Mwanafunzi aliyetumwa na chuo kwa wiki chache, asiyelipwa, anayefuata ratiba ya msimamizi wake na kuandika ripoti ya masomo, yuko katika hali tofauti. Tatizo liko katikati: yule aliyeachiwa dawati la mapokezi peke yake kwa miezi minane, akilipwa kila mwisho wa mwezi, huku barua yake ikisema ni "mwanafunzi". Huyo, kwa maoni yangu, mwajiri asijaribu kudai kuwa ni mwanafunzi mbele ya afisa wa kazi wa wilaya kwa kuonyesha kichwa cha barua.

Andika masharti mapema. Sheria humpa mwajiri hadi wiki 12 tangu kazi ianze kumkabidhi mwajiriwa maelezo ya ajira kwa maandishi, lakini kwa mtarajali muda huo ni mtego, kwa kuwa mafunzo mengi huisha kabla haujatimia. Karatasi moja inatosha: tarehe ya kuanza na kumaliza, msimamizi ni nani, saa za kazi, malipo kama yapo, na chuo kinahusikaje. Ukinakili mkataba wa zamani, kagua nambari za vifungu, kwa sababu toleo jipya la sheria za Uganda lililoanza kutumika Julai 2024 lilizipanga upya.

Malipo yanahitaji uangalifu zaidi, na hapa ndipo nimeona hesabu nyingi zikiharibika. Kima cha chini cha mshahara kilichopo kisheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984 na kisichowahi kubadilishwa. Hakimsaidii mtu yeyote, wala mwajiri asikitumie kama kipimo cha uungwana. Linalogusa daftari la mhasibu ni mengine. Posho inayolipwa kila mwezi bila risiti, hata ikiitwa nauli na chakula, inaweza kuhesabiwa kuwa mapato ya ajira, tofauti na kumrudishia mtu gharama halisi aliyoitumia kwa kazi yako. Mkaazi hatozwi kodi ya mshahara kwenye shilingi 235,000 za mwanzo kwa mwezi, lakini asiye mkaazi hana nafuu hiyo na hutozwa asilimia 10 kuanzia shilingi ya kwanza. Mwanafunzi wa Nairobi aliyekuja kwa wiki kumi tu na kulipwa 200,000 kwa mwezi anakatwa 20,000, ilhali mwenzake wa Masaka anayekaa meza ya pili hakatwi kitu. Ni heri mwajiri amweleze hivyo mapema kuliko kijana kudhani ameibiwa. Akiwa mwajiriwa, upo pia mchango wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, asilimia 5 kutoka kwake na 10 kutoka kwako, na tangu marekebisho ya 2022 kisingizio cha kuwa na wafanyakazi chini ya watano hakipo tena.

Kuhusu usalama, uliza tu nani atamlipia matibabu akianguka kwenye bodaboda uliyomtuma nayo benki. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inamtaka mwajiri awe na bima, kwa hiyo soma kama bima yako inamtaja mtu wa mafunzo, na kama haimtaji, omba aongezwe. Mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa pia kuwa na hatua za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia, na mtarajali aonyeshwe siku ya kwanza ni nani wa kumpelekea malalamiko, kwa maana yeye ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote ofisini.

Sasa kwa mgeni. Sheria ya uhamiaji inamkataza mwajiri kumpa kazi mgeni asiye na kibali, na viza ya utalii, ikiwemo ile ya pamoja ya Kenya, Rwanda na Uganda, hairuhusu kazi. Kutolipwa hakumfanyi awe mtalii. Kabla hajakata tiketi, andikia Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji ukieleza muda, shughuli na malipo, uambiwe ni pasi au kibali cha aina gani kinamfaa. Anayesoma Uganda kwa pasi ya mwanafunzi aje na barua ya chuo inayothibitisha kwamba mafunzo ni sehemu ya kozi. Akishahitimu, hoja hiyo imekwisha. Mtoto wa mgeni anayeishi hapa kwa pasi ya mtegemezi naye hana ruhusa ya kazi kwa pasi hiyo.

Majirani zetu ndio wanaosahaulika zaidi. Mkenya na Mnyarwanda huvuka Busia au Katuna kwa kitambulisho, na Uganda imewaondolea ada ya kibali cha kazi, lakini kibali chenyewe bado kinaombwa. Mkimbizi aliyetambuliwa, kwa mfano kijana wa Kikongo kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali, ana haki ya kufanya kazi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Kumkataa kwa sababu hana pasipoti ni kutojua sheria. Pokea nakala ya kitambulisho chake, ihifadhi mahali salama kama Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inavyotaka, na usibaki na karatasi halisi ya mtu yeyote.

Mwisho, kama unapanga kumwajiri mgeni baada ya mafunzo, ombi la kibali kipya lipelekwe wakati pasi ya kwanza bado ni hai, na mkataba wa kazi usitaje tarehe ya kuanza iliyotangulia siku ya kukipata.