Jinsi ya Kufuatilia Matengenezo ya Programu Tangu Izinduliwe Hadi Istaafishwe

Anza na kumbukumbu za mabadiliko. Timu inayotumia Git, chombo cha kuhifadhi historia ya msimbo (maandishi ya programu), huwa na kila badiliko pamoja na tarehe yake, faili zilizoguswa na maelezo ya aliyelifanya. Yagawe mabadiliko hayo kwa robo mwaka, kisha uyapange katika mafungu matatu aliyoyapendekeza mtafiti wa mifumo ya habari E. Burton Swanson mwaka 1976: kusahihisha hitilafu, kuendana na mazingira mapya, na kuboresha. Baadaye liliongezwa fungu la nne, la kinga, yaani kuzuia hitilafu kabla hazijatokea. Usitegemee maelezo peke yake, maana "rekebisho" huandikwa hata pale ambapo hapakuwa na kosa. Mfumo wa malipo wa taasisi ya umma nchini Tanzania unapounganishwa na GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, ili utoe namba ya kumbukumbu ya malipo, kilichobadilika ni mazingira, kwa hiyo kazi hiyo iingie fungu la pili.

Kwa kawaida hitilafu hutawala miezi ya mwanzo, kisha maombi ya watumiaji huchukua sehemu kubwa ya kazi. Maboresho yakizidi usishtuke, kwani mfumo unaotumika huombewa mambo mapya.

Kinachotaka jicho kali ni wakati ambapo mfumo unaacha kukua na kubaki ukiwekewa viraka, kwa sababu mpito huo hautangazwi na mtu. Chunguza badiliko dogo la aina moja, kwa mfano kuongeza kisanduku kimoja kwenye fomu ya usajili: ikiwa zamani liligusa faili 3 na sasa linagusa 15, huku waliousanifu mfumo wakiwa wamekwisha kuondoka, basi muundo umelegea na ujuzi umepotea kwa pamoja. Hapo ndipo bajeti nyingi hukatwa, nami naona ni kosa kubwa, kwa kuwa ndio wakati wa kuandika majaribio ya kiotomatiki na kuupanga upya msimbo angali yupo anayeuelewa.

Gharama ya viraka ikishinda manufaa yake, panga kuustaafisha mfumo, na uwape watumiaji muda wa kutosha. Kwa mfano, Python 2.7, toleo la lugha ya kuandikia programu, ilitoka Julai 2010, na msaada wake ulikusudiwa kuisha mwaka 2015, lakini mwaka 2014 ukasogezwa hadi 2020 kwa sababu wengi walikuwa hawajahamia Python 3, kizazi kipya cha lugha hiyo. Tangaza tarehe ya mwisho kwa maandishi, hamisha data, na kabla ya kuzima seva ya zamani linganisha jumla za rekodi katika mifumo yote miwili.