Rasta kwenye nyanya: pesa ya dawa ianzie kitaluni

Kiangazi kikishika Dodoma, nyanya za kumwagilia ndizo zinazolisha soko la Majengo, na ndipo ugonjwa wa rasta unapojitokeza. Majani machanga ya juu yanakuwa madogo, yanajikunja kuelekea juu, kingo zinageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Pingili zinafupika, mche unadumaa, maua yanapukutika. Mkulima anakwenda duka la pembejeo, anarudi na dawa ya ukungu, busta, na kitu kingine alichoambiwa na jirani. Pesa inakwisha, mmea haurudi.

Haurudi kwa sababu ya yanayoendelea ndani ya seli. Kirusi kinacholeta rasta kina DNA, yaani maandishi ya urithi, ndogo mno, herufi 2,800 hivi. Nyanya yenyewe ina takriban milioni 900. Kwa udogo huo hakibebi hata kimeng'enya cha kunakili DNA yake, kinategemea vya nyanya. Lakini seli ya jani lililokomaa imeshaacha kugawanyika, na vifaa vya kunakili imeshavizima. Hapo kirusi hutoa protini iitwayo Rep, ambayo huikamata protini ya mmea inayofanya kazi ya breki ya mgawanyiko. Breki ikiachia, seli inaamka na kuanza maandalizi ya kunakili DNA ambayo mmea haukuyahitaji, na kirusi kinajizalisha humo humo. Hata vifaa vya kukarabati DNA iliyokatika vinaingizwa kwenye kazi hiyo. Virusi wawili tofauti wakikutana ndani ya mmea mmoja, ukarabati huo unaweza kuunga vipande vyao na kuzaa kirusi kipya. Ndiyo maana sipendi kabisa kuona shamba kuukuu lenye rasta limesimama jirani na kitalu kipya.

Sasa, sumu ya kuzuia unakili huo ingezuia nyanya yenyewe kukua. Dawa ya ukungu haigusi kirusi, na busta ni chakula tu cha mmea ambao seli zake zimeshatekwa.

Anayekileta ni inzi mweupe, mdudu wa milimita 1 hivi anayekaa chini ya jani. Anakipata kwa kufyonza mmea mgonjwa kwa dakika chache tu, na baada ya saa kadhaa anaweza kukisambaza kwa wiki kadhaa. Mmea ukiambukizwa leo, dalili zinaonekana wiki 2 hadi 3 baadaye. Kwa hiyo rasta unayoiona shambani mara nyingi ulihama nayo kutoka kitaluni, na mche ulioambukizwa mapema karibu haukupi kitu.

Funika kitalu kwa neti maalumu ya kuzuia wadudu tangu siku ya kusia mpaka siku ya kuhamisha. Chandarua cha mbu hakifai. Matundu yake inzi mweupe anapita bila kujikunja. Zika kingo za neti kwenye udongo, maana upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti haubembelezi. Usiweke kitalu karibu na nyanya zinazovunwa. Shambani, mistari ya mtama au mahindi iliyopandwa mapema upande upepo unakotoka hupunguza wadudu wanaoingia. Ukilazimika kupulizia dawa ya wadudu, lenga chini ya majani na badilisha aina ya kiambata, yaani sumu yenyewe iliyomo, si jina la chupa tu. Inzi huyu huzoea sumu haraka.

Ukinunua mbegu, tafuta herufi TYLCV kwenye pakiti, kifupi cha jina la Kiingereza la kirusi cha rasta, kuonyesha aina inayokivumilia. Baadhi ya aina hizo zina jeni la Ty-1 lililotoka kwa nyanya mwitu wa Amerika Kusini, ambalo husaidia mmea kuzinyamazisha jeni za kirusi. Bei yake ni kubwa, lakini kwa kilimo cha kiangazi naona inajilipa. Hata hivyo neti usiiondoe.

Usichanganye rasta na jua kali. Jua hukunja kwanza majani ya chini, yanakuwa magumu lakini hayageuki njano, na mmea unaendelea kurefuka.

Mche wa rasta usiokuwa na matunda, ng'oa. Ila pulizia dawa ya wadudu kwanza, kisha uingize kwenye mfuko papo hapo. Ukiuburuta mbichi katikati ya mistari, inzi wataruka kwenda kwenye miche mizima. Ulioshika matunda kabla ya kuugua, uache uvunwe, halafu uchome mabaki wiki hiyo hiyo.