Kurudisha mboji katika udongo mwekundu wa Lubumbashi: somo la kuanza kabla ya moto wa kiangazi

Somo hili linawahusu wanachama wanaolima mahindi, soya na karanga kwenye udongo mwekundu wa barabara za Kasenga, Kipushi na Likasi, ambao wameona kiasi kilekile cha mbolea ya dukani kikitoa mavuno madogo zaidi mwaka hadi mwaka. Mara nyingi mbolea yenyewe haina kosa. Udongo wetu ni mzee: mvua za muda mrefu sana zimekwisha kuuondolea madini ya kalisi na magnesi, uchachu ukabaki, na mfinyanzi wake una nguvu ndogo ya kushika chakula cha mimea. Katika udongo wa namna hiyo, ghala ni mboji, yaani majani, mizizi na samadi vilivyooza, na karibu asilimia 58 ya mboji ni kaboni.

Hatua ya kwanza ni kuutazama udongo kabla ya kuutibu. Chukua bilauri mbili za maji, donge kavu la shambani na donge jingine kutoka chini ya mwembe ambapo jembe halijapita kwa miaka, kisha uyatumbukize taratibu. Lile la chini ya mwembe hutoa mapovu machache na kutulia. Lile la shambani mara nyingi hufumuka kama mkate uliolowa, na maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Hivyo ndivyo mvua ya Desemba inavyolifanya shamba lako.

Anayetaka hesabu achukue udongo wa kina cha sentimita 20 mahali kama 15, akitembea kwa kukata kona, auchanganye kwenye ndoo safi na kupeleka nusu kilo maabara. Asichukue juu ya kichuguu wala palipokuwa na tanuru la makala, kwa sababu kichuguu kina chokaa na tanuru lina masizi, na vyote viwili vinaweza kuidanganya mashine. Tuseme jibu ni kaboni asilimia 1.2, na sentimita moja ya ujazo wa udongo mkavu ina uzito wa gramu 1.3. Zidisha 1.2 kwa 1.3 kwa 20, upate tani 31.2 za kaboni kwa hekta. Rudia baada ya miaka 4 au 5, mwezi uleule na kina kilekile, kwa kuwa badiliko la mwaka mmoja humezwa na makosa ya kupima. Atakayekuja kuwaahidi fedha za kaboni, yaani malipo ya kuhifadhi kaboni udongoni, baada ya msimu mmoja, mwombeni kwanza awaonyeshe alikochimba.

Hatua ya pili, ambayo kwangu ni nusu ya kazi yote, ni kuuzuia moto. Mwaka mmoja nilikuwa nimelaza mabua ya mahindi shamba zima. Mwezi wa Agosti vijana waliokuwa wakiwinda panya wakawasha nyasi ng'ambo ya kijito, upepo ukageuka, na kabla sijafika na matawi mabichi kila kitu kilikuwa majivu. Moto wa namna hiyo hupeleka hewani kaboni, nitrojeni na sehemu ya salfa. Potasi na kalisi hubaki katika majivu, lakini mvua ya kwanza huyakuta yamelala juu ya udongo mtupu na kuyateremsha bondeni. Ule ukijani mzuri unaoonekana baada ya kuchoma ni wa majivu, na hauchukui muda kuisha. Kwa hiyo, mwezi wa Mei, nyasi zikiwa bado hazijakauka, lima mkanda wa mita 5 kuzunguka shamba, uache udongo mtupu, na uzungumze na majirani na wawindaji, maana mkanda peke yake hauwashindi watu.

Hatua ya tatu ni kupunguza uchachu. Chokaa ya kilimo, tani 1 hadi 2 kwa hekta kufuatana na kipimo, huchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, lakini isikutane na samadi mbichi siku hiyo hiyo, kwa sababu nitrojeni itatoroka kwa harufu. Asiye na fedha ana vichuguu: udongo wake mara nyingi una kalisi nyingi kuliko wa pembeni, na toroli chache zikitandazwa huleta tofauti inayoonekana. Ni hasara kwamba vingi vinaishia kuwa matofali.

Mengine ni mafupi: laza majani na mabua juu ya udongo, pokezana mahindi na soya, panda mbaazi kati ya mistari, na chimba mashimo ya kupandia badala ya kupindua shamba zima.

Maswali ya wanachama

Papa monitere, mwalimu wetu wa kilimo, nimelaza majani kama ulivyofundisha, lakini mchwa wameyamaliza kabla ya Oktoba. Je, sijafanya kazi bure?

Si bure kabisa, mama. Sehemu ya majani inashushwa ardhini na vijia vya mchwa huingiza maji, ingawa nyingine inaishia kichuguuni. Laza mabua mazima badala ya kuyakatakata, na mabaki laini ya mimea yaozeshe shimoni wakati wa mvua. Mbaazi iliyo hai haiwavutii kama bua kavu.

Nilifukia mabua mwanzoni mwa Novemba nikapanda wiki ileile. Mahindi yametoka ya manjano. Kwa nini?

Mabua yana kaboni nyingi na nitrojeni kidogo sana, takriban 60 kwa 1. Vijidudu vinavyoyaozesha vinachota nitrojeni ya udongo, na mche unabaki na njaa. Weka urea kidogo au samadi ya kuku iliyooza kando ya mche sasa. Mwaka ujao yaache juu ya udongo, usiyafukie.

Vumbi la makala linalobaki chini ya gunia lina faida?

Lina faida kama chombo cha kushikia chakula cha mimea, si kama chakula chenyewe. Linaweza kukaa udongoni miaka mingi sana, lakini lilowekwe kwanza katika samadi, la sivyo litajishibisha kwa nitrojeni yako. Usikate mti kwa ajili yake.

Kaka, shamba langu liko upande ambao moshi wa kuyeyusha shaba ulikuwa ukielekea zamani. Chokaa na mboji vitausafisha udongo?

Havitausafisha. Vinaifunga shaba ili mizizi ichukue kidogo, lakini madini yanabaki palepale. Pima kwanza madini ya shaba, kadimi na risasi. Usipande lengalenga wala mboga nyingine ya majani, kwa kuwa hubeba madini ndani na vumbi juu, na kuosha hakutoi yote. Punje ya mahindi kwa kawaida hubeba kidogo kuliko jani, lakini pale ambapo hata nyasi zimekataa kuota, mimi nisingepanda chakula chochote.