Taco za kikapuni zisizovunjika

Juzi jirani yangu aliniita jikoni kwake: taco zake 30, yaani vichapati vya mahindi vilivyokunjwa na kijazo ndani, zilikuwa zimegeuka uji ndani ya kikapu. Na mimi ziliwahi kuniharibikia hivyo hivyo, nikapoteza asubuhi nzima. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

Nasema taco de canasta, yaani taco za kikapuni, zinazouzwa kwenye baiskeli mitaani Mexico City, kikapu kikiwa kimetandikwa nailoni ya buluu. Kijiji cha San Vicente Xiloxochitla, jimbo la Tlaxcala, kinajulikana sana kwa kazi hii. Taco hizi huiva kwa mvuke wake zenyewe, ndiyo maana wenyewe huziita pia taco zilizotoka jasho.

Hatua ya 1: Tortila, yaani vile vichapati vyenyewe. Tafuta za mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, ndogo na nyembamba. Za ngano hapana, hazina ladha hiyo kabisa.

Hatua ya 2: Vijazo. Viazi vilivyopondwa, na maharage yaliyopondwa yakakaangwa.

Hatua ya 3: Ukavu na moto. Hapa ndipo jirani alipokwama. Maharage yake yalikuwa na rojo, na rojo likikutana na mvuke, tortila inalowa na kuchanika. Koroga mpaka ukipitisha mwiko uone chini ya sufuria, na maharage yasirudi kuziba ile njia. Viazi navyo, ukishamwaga maji, virudishe motoni dakika mbili tatu vikauke. Kisha kila kitu kiingie kikapuni kikiwa cha moto: tortila, vijazo, hata kitambaa nakipasha. Tortila iliyopoa hupasuka ukiikunja, na mvuke hautoshi. Kijazo kiwe kijiko kimoja tu; ukishindilia, taco haikunjiki. Nami naipaka kila tortila mafuta kidogo yaliyochemshwa na pilipili kavu ya guajillo. Yanaipa wekundu na kuzuia zisigandane.

Hatua ya 4: Kupanga. Tandika kitambaa kinene, juu yake nailoni, kisha karatasi ya kaki. Usiiache karatasi, mafuta ya moto yasiguse nailoni. Panga taco safu kwa safu zikibanana, kila kijazo upande wake.

Hatua ya 5: Mafuta. Kaanga kitunguu cha pete mpaka kilainike, mimina juu ya safu kwa kijiko. Vijiko vitatu vikubwa kwa taco 30 vinatosha. Wanaomimina kikombe kizima wanaharibu chakula kizuri.

Hatua ya 6: Funika kwa karatasi, nailoni na kitambaa, kama unavyofunika wali ujimalizie. Subiri saa nzima bila kufunua. Nasisitiza, bila kufunua! Kila ukichungulia, joto linakimbia. Mimi hutumia kikapu cha ukindu. Boksi la plastiki la kutunzia baridi linashika joto, lakini maji hujikusanya kwenye kifuniko na kudondokea taco.

Zile siku hiyo hiyo, zingali moto, na salsa (mchuzi wa pilipili) ya kijani na pilipili za siki. Ikitoka laini, inang'aa, na haikatiki ukiinyanyua kwa vidole viwili, umeipata.