Jinsi ya kufaidi soko la wakulima St. Paul kabla baridi haijaua mboga

Kwa tulio huku Minnesota, hasa nyie mliofika juzi juzi na bado mnanunua kila kitu supamaketi, nawaomba Jumamosi moja mwende soko la wakulima St. Paul, lile la mjini kati pale Lowertown. Treni ya Green Line inakushusha Union Depot alafu unatembea kidogo tu. Uzuri wake ni kwamba muuzaji haruhusiwi kuleta mboga alizonunua kwingine, vyote vimelimwa huku huku, na mara nyingi anayekupimia ndo kalima mwenyewe, kwahiyo ukimuuliza hizi umechuma lini anakujibu.

Vaa koti, beba mifuko na keshi kidogo. Ukifika usinunue kwanza, zunguka soko zima, nusa nusa, onja maepo maana wengi wanakukatia kipande. Epo aina ya Honeycrisp imezalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota ikatolewa 1991, tamu na ina maji kweli kweli, lakini mimi nakushauri utafute Haralson, ya tangu 1922, ina ugwadu flani hivi, ikate vipande uipake chumvi na pilipili kama embe bichi alafu uniambie.

Sasa mboga. Wakulima wengi pale ni Wahmong, watu ambao familia zao zilikimbia Laos baada ya vita kuisha 1975, na kwao utapata pilipili kali, mchaichai, kotmiri, na kitu ambacho supamaketi hukioni kabisa, msusa! Majani ya maboga yenyewe, na vile vikonyo vyake vinavyojikunja. Vunja bua moja, likikatika ta! ni changa, likipinda tu bila kukatika jua utakesha unamenya nyuzi. Nyumbani unaunga na karanga, basi. Ila msusa hauvumilii, usiku mmoja tu umande ukiganda majani yote yanakuwa meusi, na nyanya, biringanya na pilipili nazo hivo hivo, ndo maana nasema nendeni Septemba hii au mwanzoni mwa Oktoba, msisubiri. Sukuma ni kinyume chake, ikipigwa na baridi inatengeneza sukari, kwahiyo hiyo mwezi wa kumi ndo inakuwa tamu zaidi.

Kwenye maboga kuweni makini, yale makubwa ya rangi ya chungwa ya Halloween ni ya kuchonga, ukiyapika ni maji matupu. Uliza buttercup au kabocha, ngozi ya kijani, ndani kavu na tamu, inakubali tui la nazi na iliki vizuri sana. Chagua zito, kikonyo kimekauka, na ngozi ngumu ukucha usiingie. Usiliweke kwenye friji, liweke sehemu kavu yenye ubaridi, linafika Krismasi bila shida.

Kuhusu bei, kule kuvutana kwa Kariakoo hakupo, lakini kuelekea muda wa kufunga mtu akiwa amebakiwa na nyanya nyingi muulize kwa upole akupe kreti zima bei gani, wengi wanapunguza. Na wenye kadi ya SNAP, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, msione aibu jamani, ni haki yenu, pitia kwanza kibanda cha maelezo wanaichanja wanakupa tokeni za kununulia, na kuna Market Bucks, vocha za kukuongezea juu ya hizo tokeni.

Ukirudi na mzigo, pilipili osha, kausha, weka friza nzima nzima. Nyanya hivo hivo, siku ya kupika ukizimwagia maji ya uvuguvugu ganda linavuka lenyewe. Msusa menya nyuzi, chemsha kama dakika 2, tumbukiza kwenye maji ya baridi sana, kamua, alafu funga mafungu ya mlo mmoja mmoja ndo ugandishe, kwasababu ukigandisha donge moja kubwa Januari utalipasua na nyundo.